Mtoto wa dada yangu Maskati kapimwa G6PD, je na sisi huku Unguja tupimwe kabla ya kupewa dawa?

BintiMwembeladu

Asalam aleikum jamani, nna suali langu naomba wenye elimu ya dawa wanisaidie, mana kila ninaemuuliza ananijibu lake.

Dada yangu wa tumbo moja anaishi Maskati, kajifungua mtoto wa kiume alhamdulillah. Kule mtoto akizaliwa wanachukua damu ya kitovu wanapima, basi wakamwambia huyu ana upungufu wa G6PD, ati kitu cha kwenye damu. Wakampa kikaratasi akiweke pamoja na kadi ya chanjo, kimeandikwa vitu vya kuepuka, dawa za primakwini, dapsoni na nitrofurantoini, ful (yale maharage mapana ya Kiarabu), zile nafthalini tunazotia kabatini nguo zisiliwe na wadudu, na mwisho kabisa hina. Hina! Mamangu alipoambiwa kwa simu kacheka mpaka kapaliwa, ati nyinyi nyote nimekutieni hina mna siku arubaini na hakuna alokufa.

Sasa mimi huku nna wangu wa kiume ana miaka minne na hajapimwa kitu kama hicho hata siku moja. Mwaka jana aliugua homa, tukapewa dawa, siku ya pili yake mtoto kawa mweupe, macho manjano, mkojo mweusi rangi ya chai kavu, tukakimbia nae hospitali tukalazwa akaongezwa damu. Nlipouliza imekuaje nkaambiwa malaria kali, basi. Dawa yenyewe alopewa mwanzo mpaka leo siijui jina, ilitiwa kwenye bahasha ya kaki imeandikwa 1x2 tu.

Na chengine kinachonichanganya, juzi walikuja watu wa malaria kwa jirani yetu, mtoto wao mmoja alikutwa na vimelea hospitali kwa hivyo wakaja kupima nyumba nzima. Waliokutwa nayo wakapewa dawa na juu yake kidonge cha primakwini, na hakuna hata mmoja alopimwa G6PD. Si ndo hiyo hiyo ilokatazwa Maskati? Ikiwa ni hatari kwa nini inagawiwa majumbani, na ikiwa si hatari kwa nini dada yangu kaandikiwa kwa wino mwekundu?

Nimesoma pia kuwa nchi za wenzetu siku hizi mtu anapimwa jeni ndo anachaguliwa dawa. Hiyo ni kweli au ni ya matajiri tu?

---

somo_wa_ngambo

Pole sana shoga. Ila mie naona haya maradhi ya kupimwa pimwa ndo yanaleta wasiwasi, bibi zetu walikula wakanywa na wakafika miaka tisini. Muombee dua mtoto.

---

mfamasia_chake

Waalaikumsalam bi dada, pole kwa yalompata mtoto. Mimi ni mfamasia niko Chake Chake. Nikwambie mapema, mtoto wako alikuwa na nini siwezi kusema bila kumuona na asikuambie mtu hapa kuwa anajua, mana malaria kali peke yake inaweza kuvunja damu na kuleta huo mkojo mweusi. Lakini ukinijumlishia dawa isojulikana, mkojo mweusi na mtoto wa dada mwenye upungufu, mimi ningempima mtoto huyu, wala nisingengoja.

G6PD ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisiharibiwe na baadhi ya dawa na kemikali. Mwenye upungufu anaishi vizuri tu, anacheza mpira, anasoma, anaoa, hajui kama anao, mpaka siku akutane na dawa fulani au maradhi makali, hapo chembe zinapasuka kwa wingi kwa mpigo ndo unaona manjano na mkojo na kulegea.

Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamme ana X moja, ikiwa mbovu hana ya akiba, ndo mana wanaopatwa wengi ni wanaume. Mwanamke ana mbili kwa hivyo mara nyingi anabeba tu, ingawa wapo wanawake nao wanaopatwa. Sasa nisikilize vizuri. Mtoto wa kiume haipati kwa babake, babake anampa Y. Kwa hivyo wa dada yako kaipata kwa dada yako, na dada yako kaipata kwa baba yenu au kwa mama yenu. Kama ni baba yenu ndo mwenye upungufu basi mabinti zake wote wamebeba na wewe umo, hakuna aloepuka. Kama ni mama yenu amebeba, wewe ni nusu kwa nusu. Na ukiwa umebeba, kila mtoto wa kiume unaezaa ana nusu kwa nusu ya kuupata. Hiyo habari ya dada yako kwenye simu peke yake ni kipimo cha jeni cha bure, mumepewa ukoo mzima. Wengi wanaisikia wanaiacha ipite.

Sasa primakwini. Dawa ni ile ile ila dozi si ile ile. Malaria ya hapa kwetu karibu yote ni ya aina inaitwa falsiparamu, na kinachokutibu ni ile artesunati na amodiakwini, tunaitumia Zanzibar tangu 2003. Primakwini wanaitia juu yake si kwa ajili yako wewe, ni kwa ajili ya jirani yako. Inaua vimelea vya hatua ya mwisho vinavyongoja kunyonywa na mbu, mbu akikuuma anaondoka patupu. Zamani Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito, mwaka 2012 wakashusha mpaka 0.25, mara moja tu ikaisha. Mtu wa kilo 60 anameza miligramu 15 siku moja. Kwa kiasi hicho hata mwenye upungufu damu inashuka kidogo na inarudi, kwa hivyo wakasema itolewe bila kupima G6PD. Watoto wachanga na wajawazito wana masharti yao, lazima wauliziwe. Ile ya hatari ni primakwini ya siku kumi na nne mfululizo inayotolewa kwa malaria ya aina nyengine, vivax, ili isirudi, hiyo ndo humpi mtu kabla hujampima. Daktari wa Maskati kumuandikia dada yako wino mwekundu yuko sawa, na wa malaria wa mtaani kwenu nao wako sawa.

Ndo ujue hapa kuna hesabu mbili. Yupo wa kumtazama mtu mmoja mmoja, na yupo wa kutazama kisiwa kizima akatafuta dozi ambayo hata mwenye jeni dhaifu kabisa itampitia salama, mana kumpima kila mtu kabla ya kidonge kimoja kungechukua muda na malaria ingekuwa ishasambaa. Sisi tumeshusha malaria mpaka wenye nayo ni chini ya asilimia 1 ya watu, saivi tunawinda vimelea vya mwisho, hesabu ya pili ina maana kubwa hapa kuliko pengi.

---

UmmuYasir_Muscat

Mashaallah mfamasia kaeleza. Mimi mzaliwa wa Wete niko huku miaka mingi. Huku G6PD si kitu cha kushtua, hasa kwa wanaume, skuli ya wanangu kila darasa kuna wenye nayo na walimu wanajua. Aina ya huku inaitwa ya Mediterania na ni kali kuliko ile ilozoeleka Afrika, mtoto akila sahani ya ful za asubuhi kesho yake yuko wodini.

BintiMwembeladu kuhusu hina mwambie mama asicheke. Huku nchi za Kiarabu watoto wachanga wenye upungufu wamelazwa baada ya kupakwa hina mwili mzima, ngozi ya mtoto mdogo inafyonza na mwili wenyewe mdogo. Mtu mzima kuchorwa mikono ya harusi ni jambo jengine, mwili mkubwa na eneo dogo. Mama yenu hakuwa na mtoto mwenye upungufu au alikuwa nae na ikapita hakuona, ndo hivyo. Mwaka wa kwanza msimpake tu, Idi zipo nyingi.

Na maharage! Msimkataze mtoto mbaazi za nazi na kunde na choroko, nimeona mama mmoja wa kwetu kamnyima mwanawe maharage yote mtoto kadhoofu. Ilothibitika ni ful.

---

BintiMwembeladu

Ahsanteni sana wallahi nimeelewa mengi kwa siku moja kuliko mwaka mzima. Mfamasia nmemuuliza mama, baba yetu Mungu amrehemu ujanani aliwahi kuugua akapewa dawa "ikamtoa damu kwenye mkojo", ndo maneno ya mama. Sasa najua pa kuanzia.

Ila mama mkwe kasema haya ni ya upande wa Waarabu, sie wa Makunduchi hatuna. Ana haki?

---

mfamasia_chake

Hana, umwambie kwa adabu. Upungufu huu umejaa popote palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, mana kuwa nao kunampa mtu kinga fulani ya malaria kali, na Makunduchi mbu walikuwepo kama Wete. Na huyo baba yenu kama kweli ndo mambo yenyewe, basi rudi pale juu nilipoandika mabinti zake wote.

Kipimo unakiulizia maabara, piga simu kwanza uulize kama wanacho siku hiyo usije ukapoteza nauli. Kipo cha haraka cha kutoboa kidole. Kitu kimoja wengi hawaambiwi, usipimwe mara tu baada ya kuvunjika damu au kuongezwa damu. Chembe kuukuu zishapasuka zimebaki changa zenye kimeng'enya kingi, au damu ilomo ni ya mtu mwengine, kipimo kitasema huna na unao. Ngoja kama miezi mitatu. Wako ni mwaka jana kwa hivyo saivi ni sawa.

Na bahasha ya kaki. Hii naisema kila siku mpaka wananichoka. Usiondoke dirishani bila jina la dawa kuandikwa, hata kama foleni ndefu na wanakufokea. Jeni bila jina la dawa haikusaidii kitu.

---

mtuwamaabara

Nami nitie neno, nasomea maabara mwaka wa mwisho. Suali lake la mwisho halijajibiwa, kama kupima jeni ndo uchague dawa ni kweli au ni ya matajiri.

Ni kweli, na imeanzia kwenye hiyo hiyo primakwini. Wakati wa vita vya pili vya dunia na baada yake Wamarekani walikuwa wanajaribia dawa za malaria kwa wafungwa wa jela ya Stateville huko Illinois, wakaona wafungwa weusi baadhi yao damu inavunjika wakipewa primakwini na wengine hawana neno, dozi moja ile ile. Mwaka 1956 ndo wakatangaza kuwa tatizo ni kimeng'enya cha G6PD. Wafungwa, ndio, na sisi leo tunaifaidi. Miaka mitatu baadae Mjerumani Friedrich Vogel akaipa fani hii jina lake, famakojenetiki.

Mnaweza kudhani baada ya kujua hivyo kosa halikurudiwa. Likarudiwa. Miaka ya 2000 ikatolewa Afrika dawa ya malaria ya bei rahisi ya kloproguanili na dapsoni pamoja, hoja ikawa upungufu wa Waafrika ni wa aina nyepesi tu. Watoto wenye upungufu wakashuka damu vibaya, 2008 ikaondolewa. Hii ndo naiona mimi hatari ya kusema "ni nyepesi tu" bila kupima watu wenyewe kwanza.

Sasa dawa nyengine hazina habari na damu, shughuli yake iko kwenye ini. Ini lina vimeng'enya vinavyosaga dawa na kila mtu kazaliwa na mwendo wake, wapo wanaosaga haraka dawa inapita haijafanya kazi, na wapo wanaosaga polepole dawa inajaa mwilini dozi ya kawaida inakuwa sumu. Hata hiyo amodiakwini tunayomeza inasagwa na kimeng'enya kinaitwa CYP2C8, na watu wa hapa hapa Zanzibar walishapimwa jeni yake na watafiti miaka ya 2000, wakakuta aina inayosaga polepole si adimu kwetu. Hawakubadilisha dozi kwa hilo, ila ndo vitu vya kufatilia mtu akisema hii dawa inanitoa nguvu kabisa.

Kwa hivyo vipimo vipo, Ulaya na Marekani wanavitumia kwa dawa za saratani na za kuzuia damu kuganda kama wafarini. Bei inashuka kila mwaka. Kwetu bado, ila si kwamba jambo lenyewe halituhusu.

---

anonimu77

Nimesita kuandika lakini nitaandika. Mimi natumia dawa za virusi, zile ARV, kwa miaka. Mwanzoni nilikuwa kwenye ile yenye efavirenzi. Nilikuwa naota ndoto mchana nimeamka, nikisimama naona ukuta unasogea, usiku napiga kelele mpaka watu wa nyumba wakaniitia sheikh kunisomea. Nikaambiwa nivumilie mwili utazoea, mwenzangu tuloanza pamoja alizoea kwa wiki tu, mie miezi ikapita. Ikafika nikawa naificha chini ya godoro. Baadae tukabadilishiwa na yote yakaisha. Nauliza, hii nayo ni jeni au nilikuwa muoga tu?

---

mtuwamaabara

Kaka/dada pole sana, na hukuwa muoga. Efavirenzi inasagwa na CYP2B6, na Afrika tuna wengi wenye aina ya jeni inayosaga polepole. Ukirithi kwa baba na mama wote, dozi ile ya miligramu 600 inajaa mwilini na inaingia kichwani, ndo hizo ndoto na kizunguzungu. Profesa Collen Masimirembwa wa Zimbabwe alilipigia kelele hili, kule walikuta takriban mtu mmoja katika kila watano ana hiyo aina maradufu, na dawa ilikuwa ishagawiwa nchi nzima kwa dozi iliyopimwa zaidi kwa watu wa kwengine. Mwenzako alozoea kwa wiki huenda ini lake linasaga vizuri. Huo si uvumilivu.

Tanzania tangu 2019 wakaanza kuhamishia watu kwenye dolutegraviri, ndo hiyo ulobadilishiwa bila shaka. Yaani tatizo la jeni likatatuliwa bila kumpima mtu jeni, kwa kubadilisha dawa ya wote. Ile hesabu ya pili alosema mfamasia.

---

mfamasia_chake

Nimuongezee huyu ndugu. Na sheikh alokuja kusoma hakukosea kusoma, waliokosea ni waloandika "uvumilie" bila kuandika popote kwamba dawa inakusumbua. Madhara ya dawa yana fomu ya kuripoti, tuzijaze. Hivyo ndo nchi inajua watu wake wanasagaje dawa hata kabla ya kuwa na mashine ya jeni.

TB pia. Dawa yake ya isoniazidi inasagwa kwa jeni nyengine, NAT2, wasagaji polepole miguu inakufa ganzi, ndo mana tunawapa na vitamini B6. Bei yake ndogo, haihitaji kipimo. Ukiona umepewa dawa za TB na miguu inawaka moto usikae nyumbani ukasema ni kawaida.

---

MzeeWaBaraza_Jaws

Nawasoma tangu juzi. Mimi nna mashaka na sitayaficha. Hawa watu wanakuja na vyupa wanachukua damu zetu na mate yetu wanaondoka nayo, vinasaba vyetu viko kwenye mashine za watu na sisi tunabaki na plasta kwenye kidole. Nani anajua watafanyia nini? Na la pili, mkishaandika kwenye kadi kuwa mtoto ana kasoro ya jeni, kesho binti anakuja kuposwa watu wanauliza, "mna ile ya damu nyie?" Hapa Zanzibar tunaoana ndani kwa ndani, mtoto wa ami na mtoto wa khalati, hicho kikaratasi kitavunja ndoa ngapi? Sikatai elimu, nauliza tu nani anaishika.

---

mtuwamaabara

Shikamoo mzee. La kwanza uko sahihi kabisa na si wewe peke yako unaelisema. Ndo mana mwaka 2010 ukaanzishwa mpango wa H3Africa, ili utafiti wa vinasaba vya Waafrika ufanywe na Waafrika kwenye maabara za Afrika. Pesa nyingi zilitoka Marekani na Uingereza, sitaki kukudanganya, lakini angalau nia ilikuwa mpini uwe mikononi mwetu. Na hata hapa Pemba pale Wawi kuna maabara ya afya ya jamii, Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000, vijana wa Kipemba wanafanya kazi mule. Mtu akija kukutoboa muulize damu inakwenda wapi, itakaa muda gani, na majibu utaletewa au laa, ni haki yako, akibabaika usitoe.

Lakini mzee tukikataa wote yanatokea yale ya efavirenzi. Data nyingi za jeni duniani ni za watu wa asili ya Ulaya, dozi zinapimwa kwao, sisi tunapokea kidonge kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwengine. Na usidhani wakitupima Waafrika kadhaa inatosha. Ipo dawa ya virusi inaitwa abakaviri, mwenye jeni ya HLA-B*57:01 inaweza kumletea mzio wa kumuua. Wamasai wa Kenya walipimwa wakakutwa nayo kwa wingi, Wayoruba wa Nigeria walopimwa hawakukutwa nayo kabisa. Wote tunawaita Waafrika. Sasa Zanzibar mtu babu yake Mngazija, bibi Mnyamwezi, upande wa pili Mmanga na Mhindi, utamkisia vipi kwa kumtazama usoni? Ndo mana sipendi kusikia daktari anasema "nyie Waarabu" au "nyie Waswahili" halafu anaandika dawa. Pima mtu, au uliza ukoo, usikisie kwa ngozi.

---

UmmuYasir_Muscat

Mzee la ndoa nalijua hilo, ila naona limegeuzwa. G6PD hamkatazi mtu kuoa. Unaoa, unazaa, unajua tu dawa gani usimpe mtoto. Ya kujiuliza kabla ya nikaha ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hiyo wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kila mimba ina robo ya nafasi ya mtoto mgonjwa, na anateseka kweli. Bora lisemwe sebuleni kabla ya mahari kuliko kusemwa wodini. Na anaesumbuliwa na watu kwa kikaratasi cha G6PD awaambie hivyo hivyo, ni cha dawa, hakina habari na posa.

---

MzeeWaBaraza_Jaws

Marahaba kijana, na wewe bi mkubwa nimekusikia. La damu kwenda nje bado halijanikaa vizuri lakini la kuuliza kabla ya kutoboliwa nimelichukua, nitalisema barazani.

---

mama_wawili_Mkoani

Samahani nadandia hapo hapo wakati wajuzi wapo. Mwanangu ana kikohozi kikavu wiki ya pili, mama yake mdogo kamletea chupa ya dawa kutoka Dar, kibandiko kimeandikwa kodeini. Nayo ina mambo ya jeni?

---

mfamasia_chake

Inayo, tena sana. Kodeini yenyewe haina nguvu, ini ndo linaigeuza kuwa mofini kwa kimeng'enya cha CYP2D6. Wapo watu wana nakala za ziada za jeni hiyo, Ethiopia ilipopimwa miaka ya 90 walikutwa karibu asilimia 29, na Saudia nao wapo wengi. Hao kijiko kimoja kinageuka mofini nyingi kwa haraka na mtoto anaweza kuacha kupumua usingizini. Marekani walianza kutoa onyo kali 2013 na 2017 wakaipiga marufuku kwa walio chini ya miaka kumi na mbili, na tramadoli hivyo hivyo, na mama anaenyonyesha asitumie. Na wapo wa upande wa pili wasiogeuza kabisa, hao dawa haiwasaidii kitu.

Mtoto wako ana miaka mingapi?

---

mama_wawili_Mkoani

Saba.

---

mfamasia_chake

Basi usimpe hata tone, na huyo mama mdogo mwambie wake wasipewe pia. Wiki ya pili kikohozi apelekwe hospitali ya Abdalla Mzee asikilizwe kifua, ukienda beba na hiyo chupa uwaonyeshe. Kama keshakunywa leo na umemuona analala kupita kiasi au anapumua polepole usingoje asubuhi.

---

mama_wawili_Mkoani

Hajanywa, ilikuwa bado haijafunguliwa. Nishaitoa pale juu ya friji.